Sare ya 61-61

Gazeti liliandika kwamba timu yetu ya kikapu imetoka sare ya 61-61 na wapinzani wake, na kwamba timu hizo "zimegawana pointi moja moja". Habari yenyewe ilikuwa na sentensi nne, imebanwa pembeni mwa tangazo la magodoro kama konda wa daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Sentensi nne tu, na zilitosha kutuvurugia wiki nzima.

Aliyezoea soka hataona kosa liko wapi. Lakini kikapu hakina sare. Robo ya nne ikiisha mkiwa sawa, mnaongezewa dakika 5. Mkilingana tena, mnaongezewa 5 nyingine, hata muadhini awakute hapo, mpaka mmoja azidi. Wala hakuna cha kugawana pointi: kwenye msimamo mshindi anaandikiwa 2, na aliyefungwa anapata 1 yake kwa kucheza mechi mpaka mwisho. Sisi tulishinda 70-64 katika dakika za nyongeza. Tulitoka pale Upanga tukiimba mpaka Fire.

Asubuhi, kijiweni kwa muuza kahawa, gazeti lilipita mikononi mwa watu kabla hata ya kashata. Muuza kahawa, ambaye hajawahi kuona mechi ya kikapu maishani mwake, ndiye aliyetoa maelezo ya maana kuliko yetu sote: "Huyo mwandishi aliondoka mapema, wanangu. Gazeti la mikoani linataka kusafiri." Nami naamini ndivyo ilivyokuwa. Honi ya robo ya nne ililia, ubao ukaonyesha 61-61, simu ya chumba cha habari ikaita, naye akafunga daftari. Mimi simlaumu sana. Angesubiri nyongeza, Mbeya wasingesoma kitu.

Tatizo ni kwamba wapinzani wetu nao wanajua kusoma. Kulikuwa na dau la kreti la soda kati ya vijiwe viwili, na asubuhi hiyo wadaiwa wetu walikuja na gazeti lililokunjwa vizuri. Watu wale wale niliowaona kwa macho yangu usiku wakiondoka uwanjani vichwa vimeinama sasa walikuwa wanasema, "Sisi hatubishani. Imeandikwa." Mmoja wao, mwanasheria asiye na cheti, alikuwa ameshapekua kanuni za FIBA kwenye simu, akaibuka na hoja kwamba sare ipo. Na kweli ipo: pale timu zinapocheza nyumbani na ugenini na mshindi akapatikana kwa jumla ya pointi za mechi zote mbili, mechi ya kwanza inaruhusiwa kuisha sare. Tulimpa heshima yake kwa utafiti huo, kisha tukamuuliza, katika ligi yetu, mkondo wa pili ni lini. Akasema atauliza.

Hapo ndipo Mhasibu wetu alipovaa miwani. Kila kundi la mashabiki lina mtu wa namna hii. Hashangilii wala hakai, anaandika tu. Alijumlisha pointi za wafungaji waliotajwa gazetini: 22, 17, 14, 9 na 6. Akarudia kwa kikokotoo cha simu. "Hizi ni 68," alisema, "za timu iliyofunga 61. Saba zimetoka wapi?" Kijiwe kikanyamaza. Hata wapinzani walisogeza mabenchi, maana hesabu ya namna hiyo inaweza kumgeukia mtu yeyote.

Kilichomkera zaidi ni zile 17. Mchezaji aliyesifiwa kwa kuzifunga hakuwepo uwanjani. Usiku huo alikuwa Morogoro, mshereheshaji kwenye harusi ya binamu yake, na jezi yake alimwachia kijana mmoja mgeni kwa sababu jezi zetu hazitoshi. Mwandishi alitazama namba mgongoni, akalinganisha na orodha ya mwanzo wa msimu, akaandika jina. Yule kijana aliyetoka jasho alilala bila jina, na mwenzake aliyeshika kipaza sauti akamka nyota wa mchezo.

Wapo wanaosema ni mambo madogo haya. Mimi nawaambia wakaulize Marekani. Machi 2, 1962, katika mji wa Hershey, Pennsylvania, Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors aliwafunga New York Knicks pointi 100 peke yake, na timu yake ikashinda 169-147. Mechi haikuonyeshwa kwenye televisheni, na watazamaji walikuwa 4,124 tu. Aliyeipasha dunia habari hizo ni Harvey Pollack, mtu wa takwimu wa Warriors hao hao, ambaye usiku huo huo aliwaandikia gazeti la Philadelphia Inquirer na mashirika ya habari ya AP na UPI. Ndiye pia aliyeandika "100" kwenye karatasi ambayo Chamberlain alipigwa nayo picha maarufu. Mtu mmoja, kalamu moja, dunia nzima ikaamini, ingawa hadi leo wapo wanaohoji. Nilipompelekea Mhasibu kisa hiki hakusisimka hata kidogo. Aliomba mchanganuo. Vikapu 36 vya pointi mbili mbili, maana ligi yao ilikuwa haijaanza kuhesabu mitupo ya pointi tatu: 72. Mitupo huru 28: jumla 100. "Huyo Pollack," alisema, "angefaa kuwa mweka hazina wetu."

Tukaamua kwenda kwenye ofisi ya gazeti. Dada wa mapokezi alitukaribisha vizuri, akadhani tumekuja kuweka tangazo la msiba. Baadaye alitoka mhariri, kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala. "Viongozi wangu, mna haki kabisa. Nipeni karatasi ya matokeo tu, nirekebishe." Tukamgeukia Katibu. Katibu alikuwa na nakala ya karatasi hiyo, aliikunja vizuri, akaitia mfuko wa nyuma wa suruali, na suruali hiyo shemeji yetu alikuwa ameshaifua. Alichokitoa mezani kilikuwa donge la kijivu. Mhariri alilitazama kwa huruma, akatuomba tuseme kwa mdomo. Tukasema, wote kwa pamoja, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Masahihisho yalitoka: 70-64, ushindi wetu, dakika za nyongeza. Safi kabisa. Ila sasa tulikuwa "timu ya wanaume ya mpira wa pete".

Soda hatukulipwa. Wadaiwa walisema wao waliweka dau la kikapu.

Aliyepinga kurudi tena ofisini alikuwa mtu wa harusi ya Morogoro. Kumbe baba wa mchumba wake alikuwa ameisoma ile habari ya kwanza na kuikata kwa mkasi, na mazungumzo ya mahari yalikuwa yamelainika ghafla. "Kaka zangu, mkizifuta zile 17 mtakuwa mmenivunjia nyumba kabla sijaijenga." Yule kijana aliyezifunga aliulizwa maoni yake, akasema apewe jezi yenye jina lake, yaishe.

Mechi iliyofuata bwana harusi wetu mtarajiwa alicheza mwenyewe na kufunga pointi 2, zote za mitupo huru, huku baba mkwe akiwa jukwaani. Asubuhi tuliwahi gazeti kwa hofu. Kurasa zote za michezo zilikuwa Simba na Yanga. Kikapu hakikutajwa popote. Mhasibu alilipekua mpaka matangazo ya vifo, akavua miwani, akasema hilo ndilo toleo la kwanza la msimu ambalo halikutukosea kitu.