Nasaba ya Injini

Waungwana wanaoshabikia magari ya mbio ya Kiingereza hupenda kutuarifu, kwa taadhima kubwa, kwamba gari la Kijapani, hata likitangulia uwanjani, hutangulia bila roho, ilhali lile la Kiingereza, hata likisimama kando ya njia likivuja oili, husimama kwa heshima. Hoja ya namna hiyo haina jawabu, nami sithubutu kuipinga.

Walakini tarehe ina inda zake. Lotus Elan ya 1962, gari jepesi la Kiingereza lenye bodi ya faibaglasi juu ya uti mmoja wa chuma, ilikuwa kwa hakika kazi ya mafundi mahodari. Na Wajapani wa Mazda, wanafunzi wenye adabu, waliidurusi barabara, kisha mwaka 1989 wakaidhihirisha MX-5, iliyomrithi mwalimu wake kwa kila sifa isipokuwa ile ya kununa asubuhi. Mwaka huohuo Lotus nao wakatoa Elan mpya, yenye kuvutwa na magurudumu ya mbele, na injini yake, astaghfirullahi, imetoka Isuzu! Fauka ya hayo, mwaka 2004 Elise yao, kipenzi cha kila kona, ikaanza kutiwa injini ya Toyota, ya ukoo uleule wa Corolla.

Basi shabiki wetu asimamapo ukingoni mwa uwanja, amefumba macho, akiusifu mngurumo ule kuwa ni sauti halisi ya Uingereza, Mjapani aliye kando yake huinamisha kichwa na kumshukuru.