Vidole vya Njiru Mpakani

Alama za vidole hujichora mtoto akiwa bado tumboni, na mpangilio wake haubadiliki hadi kifo. Ndivyo vitabu vinavyofundisha. Vitabu hivyo havikuandikwa Njiru, Nairobi, penye machimbo ya mawe, mjengo usiokwisha kandokando ya Barabara ya Kangundo, na mama fua wanaokesha na sabuni ya mche. Hapo alama hazibadiliki, ila husagika. Saruji huila ngozi ya juu, jiwe likalainisha kilichobaki. Mikono ikipumzika wiki kadhaa mistari huota tena, lakini mwenye uwezo wa kuipumzisha kiasi hicho kwa kawaida hashiki nyundo.

Kwa hiyo shida ya kwanza ya msafiri wa Njiru mbele ya mashine ya alama za vidole si faragha. Ni kuthibitisha kwamba ana vidole.

Anayekwenda kutafuta kazi ughaibuni huanza na cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Kwa desturi vidole vyote kumi hupakwa wino, na wino huo hauna haraka ya kutoka. Mtu aliyetoka kuthibitisha kwamba si mhalifu hupanda matatu akiificha mikono mfukoni, jambo ambalo ndani ya matatu ya Eastlands humfanya kila abiria akumbatie mkoba wake.

Kisha huja viza na kile kioo chenye taa. Karani huagiza: bonyeza. Bonyeza zaidi. Sasa umebonyeza sana. Kidole kikavu hakisomeki vizuri, na kilicholowa jasho nacho huchafua picha, hivyo kinachotakiwa ni unyevu wa wastani, na wastani huo hujulikana na mashine peke yake. Wazoefu wa foleni hushauri kusugua vidole kwenye paji la uso, ambako mafuta hayakosekani. Ushauri huo unasaidia kweli. Matokeo yake ni chumba kizima cha waombaji walioshika vichwa kama wanafalsafa.

Kenya si mgeni wa mambo haya. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi abebe kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyompa mwanaharakati Harry Thuku wafuasi kabla hajakamatwa mwaka 1922. Walowezi hawakuona tatizo. Waliliona baada ya sheria ya 1947 kuagiza watu wa rangi zote waandikishwe kwa vidole. Ilipofika 1949 walikuwa wakipiga kelele kwamba wanafanywa wahalifu. Sir Bertrand Glancy akateuliwa kuchunguza, na suluhu iliyopatikana ni kwamba aliyeweza kujaza fomu kwa Kiingereza angetoa picha na saini badala ya vidole. Faragha, kwa maneno mengine, iliingia Kenya kwa mtihani wa lugha.

Kelele hizo zilisikika tena kwingine. Marekani ilipoanza kuchukua alama za vidole za wageni Januari 2004, Brazil ililipiza kwa kuwafanyia Wamarekani vivyo hivyo. Rubani mmoja wa Kimarekani alipopigwa picha huko São Paulo aliinua kidole ambacho hakikuwa kimeombwa, akatozwa faini ya karibu dola 13,000. Japani nayo ilianza kuchukua alama za wageni mwaka 2007. Umoja wa Ulaya ulianza tarehe 12 Oktoba 2025 kuwaandikisha hata wageni wasiohitaji viza. Wakenya, ambao vidole vyao vilikuwa vikiombwa kwa viza ya Schengen miaka kadhaa kabla ya hapo, hawakuandamana.

Wapo wanaohitimisha kwamba Mkenya hajali faragha. Ushahidi haukosekani: kwenye geti la ploti, mgeni huandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu katika daftari ambalo anayefuata atalisoma kwa starehe. Agosti 2023 umati ulijaa ukumbi wa KICC kutoa picha za mboni za macho kwa mradi wa Worldcoin, ukilipwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000, hadi serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe.

Hitimisho hilo ni la haraka. Mtu huyohuyo anayempa karani wa ubalozi vidole kumi bila swali hatamwambia jirani kwamba ameomba viza. Pasipoti hulala chini ya godoro, sanduku hutoka alfajiri, keyateka huambiwa ni safari ya mashambani. Mtaa hujua ukweli siku picha ya Doha inapoonekana kwenye WhatsApp. Faragha ipo tele Njiru, ila imeelekezwa kwa jirani mwenye kijicho, wakati faili la kudumu liko kwa karani.

Hapo ndipo mahesabu yanapokosewa. Jirani husahau, seva haisahau. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuelezwa data zake zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Anayesubiri zamu ofisini hapa nchini na aulize kabla ya kubonyeza, hata kama foleni nyuma yake itaguna.