Mgeni Kafungiwa, Funguo Kapewa

Kwenye Linux, Flatpak huifungia programu chumbani mwake isiguse mafaili yako. Ulinzi wa kisultani! Kisha unasoma ruhusa ilizokuja nazo: filesystem=home. Yaani mgeni kafungiwa chumba cha uani, halafu kakabidhiwa funguo za nyumba nzima, pamoja na folda ya .ssh yenye funguo za seva za kazini. Eti alitaka kufungua picha moja. Dirisha la kupitishia lipo, linaitwa portali: wewe unachagua faili, yeye anapewa hilohilo. Lakini portali hudai msanidi ajisumbue kidogo, na home ni neno moja tu. Mgeni akitaka, ataongeza mstari wake kwenye .bashrc, nawe kesho utautekeleza mwenyewe ukifungua terminali. Ila chumba chake, wallahi, kina komeo zuri.