Bureti moja, watu kumi na wawili

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi Inayogawa Fedha za Maabara za Vyuo Vikuu,
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: SHUKRANI KWA KUTUFUNDISHA KEMIA BILA KEMIKALI

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne hapa Voi, shahada ya sayansi, kemia. Chuo changu sikitaji. Nikikitaja, vyuo vingine vitalalamika kuwa nimevinyima sifa. Naandika kuishukuru ofisi yako kwa ugunduzi ambao sijauona katika kitabu chochote: kwamba kemia ya ngazi ya juu yaweza kusomwa bila kugusa kitu.

Katika maabara tuko kumi na wawili kwa bureti moja. Mmoja hufungua koki, wa pili hutikisa chupa, wa tatu husoma kipimo, na tisa tuliobaki tunatazama migongo yao. Muhula fulani jaribio lilikuwa la kupima ugumu wa maji kwa EDTA. Unatia kiashiria, maji yanakuwa mekundu kama divai, kisha unadondosha EDTA tone kwa tone mpaka yageuke samawati. Kwa mtu wa Voi hayo si mambo ya vitabuni tu. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na birika la nyumbani hujenga ukoko mweupe ambao mama hupigana nao kwa ndimu. Nilitamani sana kuyaona maji yakigeuka rangi. Nilisikia yaligeuka.

Pamoja na hayo, kila mwanafunzi sharti awasilishe ripoti yake mwenyewe, yenye vipimo vitatu vinavyokaribiana. Hapo ndipo tunapopika data. Tumekuwa mabingwa: tunaongeza 0.05 hapa, tunapunguza 0.10 pale, kwa sababu vipimo vinavyolingana kabisa humtia mhadhiri shaka. Naomba idara yetu ihamishiwe kitivo cha hoteli na utalii. Angalau jikoni kwao gesi ipo.

Nitreti ya fedha ni ghali, hilo tunalielewa. Fundi wetu wa maabara, mzee mwenye huruma, huizimua kama chai ya matanga ili itoshe makundi yote. Tulipoitia kwenye maji ya kisima, tukingoja mashapo meupe ya kloridi, tulipata ukungu ambao hatukujua umo ndani ya chupa au machoni mwetu. Kwenye ripoti sote tuliandika: "mashapo meupe, mazito."

Sasa nije kwenye mawe, maana hapo ndipo shukrani zangu zinaponikaba koo. Mwaka wa tatu tulisoma nadharia ya uga wa fuwele, aliyoianzisha Hans Bethe mwaka wa 1929. Inaeleza jambo la ajabu: kromiamu ikiingia kidogo ndani ya oksidi ya alumini tunapata yakuti nyekundu, lakini kromiamu hiyo hiyo ikiingia ndani ya berili tunapata zumaridi ya kijani. Tofauti inaletwa na atomi za oksijeni zinazoizunguka. Zikiibana zaidi au kidogo, elektroni zake hunyonya sehemu nyingine ya nuru, na inayobaki ndiyo rangi tunayoiona. Mhadhiri aliuchora mchoro ubaoni akaupendeza, nami nikapata A.

Mheshimiwa, yakuti inachimbwa Mangari, hapa kwetu. Na tsavoraiti, ambayo ukijani wake huletwa hasa na vanadiamu, inachimbwa pande za Kasigau. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliliona jiwe hilo kwanza Tanzania mwaka wa 1967, kisha upande wetu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka wa 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikalitangaza kwa jina lililotokana na Tsavo. Jina letu limefika New York. Mimi sijafika kwenye spektromita. Dalali wa mawe mjini Voi hulishika jiwe kwa kibano, akalimulika kwa tochi, akataja bei. Hajui obiti d ni nini, lakini ana vifaa viwili zaidi yangu.

Kwa mradi wangu wa mwisho niliomba kupima vanadiamu katika kifusi kinachotupwa na wachimbaji wadogo. Msimamizi aliipenda mada, kisha akauliza tutapimia nini. Mada ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, hadi ikawa "Mapitio ya maandishi kuhusu upimaji wa vanadiamu". Yaani nitasoma jinsi watu wa ng'ambo wanavyoyapima mawe ya kwetu.

Sidai kwamba tumesahauliwa. Voi imezoea kupitiwa: maji ya chemchemi za Mzima hupita bombani yakienda Mombasa, na tangu 2017 treni ya SGR nayo hupita. Hata kemikali zetu hupita. Hutua Kilindini, hupanda na barabara kuu mbele ya macho yetu hadi kwa muuzaji Nairobi, hungoja zabuni, stakabadhi na sahihi, kisha hurudi kwa barabara ile ile zikiwa zimekaribia kuisha muda. Pendekezo langu ni dogo. Lori likifika Voi lipunguze mwendo. Tutakuwa kando ya barabara na mabika yetu.

Kuhusu karo, nimeambatisha mchoro wa noti ya shilingi elfu moja, wenye lebo zote na kipimio. Ikiwa mchoro wa spektromita, badala ya spektromita yenyewe, wanitosha mimi, naamini mchoro wa noti utaitosha ofisi yako.

Mwaka ujao huenda nikaajiriwa mahali pa kupima maji. Mama mmoja ataleta chupa ya maji ya kisima na kuniuliza kama mtoto wake anaweza kuyanywa. Usiwe na wasiwasi. Kupika jibu najua, na litakuwa na desimali mbili.

Nangoja majibu yako kwa hamu. Tafadhali uyaandike kwa mkono, kwa kalamu ya wino mweusi, na usiubanie. Wino mweusi hutengana vizuri kwenye kromatografia ya karatasi, na kipindi hicho bado tunakidai.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Kemia, Mwaka wa Nne,
Voi.