Mwongozo kwa Mjukuu Aliyetumwa Dawa ya Mifupa

Kwanza hakikisha bibi anao ugonjwa unaotaka kuugharamia. Kuanzia Manyoni hadi Mkalama, mkoani Singida, kila anayelalamikia goti huambiwa "mifupa inasagana", na mjukuu mwenye simu kubwa huanza kusaka dawa ya mifupa. Goti linalouma ni habari ya maungio. Mfupa uliopungua uzito, ugonjwa ambao madaktari huuita osteoporosisi, hauumi. Hukaa kimya mpaka bibi ateleze kidogo tu uani, na kifundo cha mkono au nyonga ikavunjika. Pengine dalili pekee ni gauni lake la kanisani, ambalo siku hizi linaburuta. Mwambie daktari pia maji mnayokunywa yanatoka wapi, kwa sababu visima kadhaa vya mkoa huu vina floridi nyingi, nayo hujaza mfupa ukaonekana mnene huku ukizidi kuwa mwepesi wa kuvunjika.

Cheti kisome kabla hujatoka chumbani. Kikisema alendroneti, una bahati. Kikisema Fosamax, jina la kibiashara la dawa hiyohiyo, rudi mezani na adabu zako zote: "Samahani daktari, naomba uniandikie jina la dawa, si la kampuni." Fosamax iliruhusiwa Marekani mwaka 1995, na hataza yake ilipoisha huko mwaka 2008, viwanda vingi vikaanza kutengeneza kidonge chenye dawa ileile. Muuzaji atakayekunong'oneza kwamba hicho kingine ni "kopi" anaitetea faida yake. Wewe uliza kama kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa nchini.

Usihangaike na duka la dawa muhimu kijijini. Dawa hii si yao, ingawa mwenye duka, kwa ukarimu wake, hatakuacha uondoke mikono mitupu. Nenda famasi, ambako mtego mkubwa ni hesabu. Kuna kidonge cha miligramu 10 cha kila siku, na cha miligramu 70 cha mara moja kwa wiki. Bei ya kimoja cha 70 itakushtua, utakimbilia cha 10, utajipongeza, halafu utanunua 30 badala ya 4. Uliza bei ya mwezi. Ukichukua cha wiki, andika siku juu ya boksi kwa kalamu nzito, maana bibi mwenye bidii akimeza 70 kila siku, bili itakayofuata ni ya koo na tumbo. Anayetoka Itigi ajumlishe nauli, kisha aombe cheti cha miezi mitatu.

Mwenye bima aulize dirishani kama dawa imo kwenye kitita chake kabla ya kufungua pochi. Bibi mwenye miaka 60 na zaidi aulizie huduma ya wazee. Huenda mkaambiwa "kanunue nje", lakini angalau mtakuwa mmeuliza.

Mpinzani wako halisi yuko ndani ya basi linalotoka stendi ya Misuna: kijana nadhifu mwenye kopo linalotibu mifupa, mgongo, presha na, muda ukiruhusu, ndoa. Watu waliobishania elfu mbili famasi hununua makopo mawili bila kuuliza usajili. Kama ni kalsiamu tu, dagaa wanaoliwa na miiba yao wanayo, na mtindi pia.

Sasa asubuhi ya kidonge. Kabla ya chochote, bibi akimeze kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha akae wima nusu saa bila kula. Maji magumu ya kisima hayafai, kwa sababu madini yake huzuia dawa isiingie mwilini. Tumia ya mvua yaliyochemshwa. Chai ya maziwa ni marufuku kabisa, na hapo ndipo utakaposhindwa.

"Bibi, subiri nusu saa tu."

"Mjukuu wangu, mgeni yupo mlangoni, nimwache anywe peke yake?"

Hoja hiyo haina jibu. Chagua siku isiyo na wageni, na usithubutu kuchagua Jumapili.

Baada ya miaka mitano hivi daktari anaweza kusema apumzike, kwa kuwa dawa hii hubaki mfupani muda mrefu. Gharama itashuka hadi sifuri, na bibi, ambaye mwaka wa kwanza alikuwa akificha vidonge chini ya godoro, ataitisha kikao cha ukoo kuuliza ni nani aliyeamua kumkatia dawa yake.