Gari la Kupunguzwa

Gereji ninayotaka kuilalamikia leo ina mapokezi. Ina sofa, ina mashine ya maji ya moto na ya baridi, na ina binti mwenye adabu zake anayekuamkia shikamoo kabla ya kukuuliza kama una miadi. Mimi ni mtu wa gereji za chini ya mwembe. Kule fundi anachomoka uvunguni na vumbi la katoni mgongoni, anakunyooshea kifundo cha mkono umshike hapo kwa sababu kiganja kimejaa grisi, kisha anakwambia "njoo jioni, mzee," na wote wawili mnajua kwamba jioni inayosemwa si ya leo. Huku kwa wasomi hakuna njoo jioni. Unatumiwa barua pepe yenye nembo kwamba "tathmini ya mradi wako inaendelea vizuri". Ni njoo jioni ileile, ila hii imepita chuo kikuu.

Naam, mradi. Lilipoingia getini likivutwa, lilikuwa Peugeot 404. Lilipofunguliwa jalada likawa mradi, nami nikapandishwa cheo kutoka mteja hadi mdau.

Nililinunua Muheza kwa mzee aliyekuwa akifugia kuku ndani yake. Bei ya gari tulipatana. Bei ya kuku tukashindwana, akabaki nao. Waliozaliwa zama za Toyota IST hawawezi kuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu alipie banda la kuku, kwa hiyo niwaeleze haraka. 404 ilitoka mwaka 1960, umbo lake likiwa kazi ya Pininfarina wa Italia, na nyuma ina mapezi mawili yanayofanya hata foleni ya Ubungo ionekane safari ya heshima. Ilishinda mbio za East African Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa dereva wa hapa hapa Tanzania. Mwaka 1963 yaliyofika mwisho yalikuwa magari saba tu, na 1968 yakawa saba tena. Haya yote niliyajua kabla sijanunua. Siku hizi nayajua kwa nguvu, maana kila mzee anayepita nje ya gereji akaliona pezi lazima aingie anieleze upya, akinishika bega, kana kwamba mimi ndiye niliyezembea Safari ikaacha kupita kwetu.

Wazee hao wakishasikia ninachotaka kulifanya gari, wanaondoka bila kuaga.

Nilitaka kulifanya hotirodi. Wazo nililitoa kwa Wamarekani, na nitawatetea Wamarekani katika hili kwa sababu wao hawana kosa. Vijana wa Kusini mwa California wa miaka ya 1930 hawakuwa na hela. Walichukua Ford chakavu, wakang'oa madigadi, wakang'oa boneti, wakang'oa kioo cha mbele na kila kisichosaidia kukimbia, wakaenda kushindana kwenye maziwa makavu ya jangwani kama Muroc, ambako ardhi imenyooka hadi macho yanachoka. Mwaka 1932 Ford ilitoa V8 ya bei ya mtu wa kawaida, yenye nguvu ya farasi 65, na magari hayo yalipoanza kuchakaa injini zake zikawa za kuokotwa kwenye makaburi ya magari. Mwaka 1937 vilabu vyao vikaungana kuunda chama, SCTA, ili kasi ipimwe kwa saa badala ya kwa mdomo. Jeshi lilipolitwaa Muroc, mashindano yakahamia El Mirage. Mwaka 1948 likaanza gazeti lao, Hot Rod, na lipo hadi leo.

Kilichonivutia mimi ni hesabu yao. Gari likipungua uzito, injini ileile inakuwa na nguvu zaidi na hujanunua kitu. Unatoa, unatupa, unakimbia. Nikasema hii ndiyo falsafa ya mtu anayeishi kwa mshahara.

Basi nikakaa kwenye lile sofa nikamweleza meneja wa miradi, kijana mpole mwenye tableti: mwanangu, mimi nataka injini yenye nguvu, halafu mengine yote mnipunguzie. Akaitikia "sawa mzee," akaandika. Akaendelea kuandika. Mimi nilikuwa nimenyamaza kitambo, yeye bado anaandika.

Injini ya 404 ni ya cc 1,618, imelazwa ubavu kama mgonjwa, na ya kwangu ilikuwa marehemu. Tulikwenda Gerezani kwenye vibanda vya vipuri tukachukua injini ya JZ ya Toyota Mark II, silinda sita, lita mbili na nusu, iliyokuja na meli kutoka Japani. Farasi karibu 200, wakati 404 ilizaliwa na sabini na ushee. Hapo nilifurahi, na naomba ieleweke kwamba furaha yangu yote katika mradi huu iko Gerezani, kwenye kile kibanda, muuzaji akiipigapiga injini kwa spana na kuniapia kwamba haijawahi kufunguliwa.

"Sasa mzee," meneja akaniambia tuliporudi, "injini hii na gia boksi yako haviongei."

Tukanunua gia boksi ya Toyota. Gia boksi ya Toyota ikahitaji propela ya Toyota. Lakini propela ya 404 haining'inii wazi kama za magari mengine; imefichwa ndani ya bomba, bomba limeungana na difu, na difu yenyewe ni ya gia ya parafujo, mtindo ambao fundi difu aliutazama akavua kofia. Ukigusa kimoja umevigusa vyote. Ikabidi ekseli nzima ya nyuma iondoke, ikaja ya Hilux. Ekseli ya Hilux ni pana kuliko ya 404. Tairi zikatokeza nje ya bodi, na gari lenye tairi zilizotokeza nje hivyo, kila trafiki atataka kulijulia hali. Kwa hiyo madigadi ya nyuma yakakatwa, yakaongezwa bati, yakapanuliwa.

Someni tena hapo. Mimi nilikwenda kung'oa madigadi. Nimelipia kuyapanua.

Breki za dramu za zamani zilitosha farasi sabini. Farasi mia mbili wanataka diski. Diski zikataka rimu kubwa zaidi. Silinda sita zilizopangwa mstari mmoja ni injini ndefu, ikagonga ukuta unaotenganisha injini na abiria, ukuta ukakatwa, ukasogezwa ndani, pedali zikafuata, dashibodi ikafuata, na sasa abiria wa mbele anakaa na JZ magoti kwa magoti. Rejeta ya zamani ilikuwa ndogo, ikaja kubwa yenye feni mbili. Feni mbili zikataka alteneta. Injini hizi za kisasa zina kompyuta, kompyuta ina waya kibao, waya zina fundi wake wa peke yake, na fundi huyo hapokei simu za wadau. Betri ikakosa mahali pa kukaa, ikahamishiwa kwenye buti. Hata kadi ya gari haikusalimika, kwani imeandikwa namba ya injini ya marehemu na lazima ibadilishwe.

Wale vijana wa Muroc wangekuwa wameshakimbia, wameshinda, wameshakula.

Katikati ya haya akatokea mbunifu. Gereji ya chini ya mwembe haina mbunifu, na sikuwahi kuuona huo kuwa upungufu. Huyu alikuja na picha za hotirodi za Marekani zilizokatwa paa, nguzo za madirisha zimefupishwa, dereva anachungulia kwenye upenyo. Ni kweli Wamarekani hukata paa, na gari hupendeza. Lakini Ford ya 1932 ina vioo vilivyonyooka, ukimpa mkata vioo kipande cha bapa anakukatia utakavyo. Nikamuuliza: kioo cha mbele cha 404, hiki kilichojipinda pembeni kote, utakifupishaje? Akamtazama meneja. Meneja akatazama tableti. Paa likanusurika.

Akahamia chini. Akasema gari lishushwe, liilalie barabara. Huyu kijana anaishi Dar es Salaam. Anapita Jangwani mvua zikinyesha, anaona maji yanavyofanya. Anayajua matuta ya mitaani ambayo kila mwenye nyumba amejijengea lake, kwa urefu anaoupenda, kwa simenti iliyobaki. Sifa iliyoifanya 404 ipendwe kuanzia Kigoma hadi Mombasa ni kwamba ilipita palipokuwa hapapitiki. Nikamwambia tutalishusha siku serikali itakapoyashusha matuta. Akaandika "mdau hayuko tayari kwa sasa".

Lakini haki itendeke: kuna siku gereji ile ilinionyesha kazi. Fundi bodi wao ni mzee mwenzangu, mtu wa maneno machache, na nadhani walimwajiri kwa bahati mbaya. Aliniita kwenye mlango wa kushoto. Akatoa mfukoni sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio, akaibandika juu ya mlango, ikanata. Akaiteremsha polepole. Ilipofika nusu ya mlango ikaachia, ikadondoka ikalia kwenye sakafu. Akaiokota, akaibandika tena pembeni kidogo. Ikadondoka. "Hapa huna mlango, kaka," akasema, "una puti." Akachukua msasa akasugua sehemu ndogo tu. Chini ya rangi nyeupe ikatoka bluu, chini ya bluu mstari wa teksi, chini ya mstari kijivu asilia ya kiwandani, na pembeni mwa kijivu hicho puti nene, ndani yake wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu. Kuna fundi mahali fulani aliziba kutu kwa chandarua akalipwa, na mwenye teksi akaendelea kupakia watu.

Tukasimama pale tukiutazama ule wavu kwa heshima fulani. Ilikuwa kazi nzuri kwa kweli, imedumu.

Niliporudi mapokezi nilikuta wavu umeshaingia kwenye makadirio mapya: milango minne, bati jipya, kuchomelea, puti (kidogo), rangi. Makadirio ya gereji hii hayana ya mwisho. Kuna ya awali, yaliyoboreshwa, yaliyohuishwa, na sasa naona yamekuja yanayoitwa "shirikishi". Nimejaribu kuuliza nimeshirikishwa nini humo zaidi ya kulipa.

Kuna pia grupu la WhatsApp, ambalo wamo meneja, mbunifu, mhasibu na mimi. Fundi bodi hayumo. Yeye anafanya kazi. Kila Ijumaa inatumwa picha. Picha huwa ni ya kitu kimoja kilichopigwa kwa karibu sana: bolti, kona ya waya, mkono wenye glovu. Sijawahi kutumiwa picha ya gari. Nikiomba kuliona zima wananiambia lipo hatua nzuri, na mhasibu anaweka kidole gumba.

Mama watoto hajasema kitu, na mwenye ndoa anajua hilo ni baya kuliko kusema. Juzi tu ndiyo kauliza, akichambua mchele bila kuniangalia, hilo gari likija tutakaa wangapi. Nikamwambia wanne. Akauliza mizigo tutaweka wapi tukienda Korogwe kwa mama. Nikamweleza kuhusu betri. Akauliza yeye miguu ataweka wapi. Nikamweleza kuhusu JZ, jinsi ilivyo ndefu. Akaendelea na mchele. Baadaye akaniuliza kama yule mzee wa Muheza bado ana wale kuku.

Juzi hiyo hiyo usiku ikaingia barua pepe. Sasa ni tangi la mafuta. La zamani limeoza kwa kutu, na JZ inataka pampu inayokaa ndani ya tangi na kusukuma mafuta kwa presha, kwa hiyo linahitajika jipya, na mahali pekee panapolitosha ni nyuma ya kiti cha nyuma, ambacho itabidi kisogezwe mbele, ambako hakuna mbele.

Nikaona mwanya. Baada ya hela zote hizi, hatimaye kitu kinachotaka kutoka. Nikaandika haraka, na nilikuwa na tabasamu: kiti cha nyuma king'oeni kabisa, msinirudishie, gari lipungue.

Jibu lilikuja asubuhi, lenye nembo. Wamepokea maelekezo ya mdau kwa furaha. Kung'oa kiti kumeingizwa kwenye makadirio shirikishi, mstari wa peke yake, pamoja na gharama ya kukihifadhi kwa mwezi hadi nitakapokuja kukichukua, na bei zote hazijajumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani.