Nilihama, Maven Akabaki

Jumamosi moja kompyuta iliniambia diski C imejaa. Nikafuta filamu ambazo sijazitazama, nikafuta picha za harusi ya shemeji (anisamehe), wapi! Mwishowe nikamkamata mwizi: folda iitwayo .m2, imejikunyata kimya ndani ya folda yenye jina langu, imekalia GB 11.

Anayeandika programu kwa Java haandiki kila kitu mwenyewe. Anaorodhesha maktaba anazozitaka kwenye faili la pom.xml, kisha Maven, programu ya kutumwa vitu, anazifuata intaneti na kuziweka katika ghala la nyumbani, .m2/repository, ili kesho asizifuate tena. Ubaya ni kwamba Maven hatupi kitu. Toleo la mwaka juzi analo, la jana analo, la leo analo, kama bibi yangu na makopo ya Blue Band.

Nikaamua kumhamishia diski D. Nilifungua settings.xml ndani ya folda ya Maven iitwayo conf, nikakuta mahali pamekwisha andaliwa: localRepository. Nikaandika D:/ghala, nikahifadhi, kisha nikafuta ghala la zamani lote kwa mbwembwe. Nyumba mpya, vyombo vipya!

Nikaamuru mvn clean install. Mistari ya “Downloading from central” ikaanza kuteremka kama mvua ya masika. Nikaenda zangu kuchemsha chai. Nilipokuwa natia tangawizi, simu ikalia: “Ndugu mteja, umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako.” Nikarudi mbio. Diski D haikuwa na ghala wala kibanda. Kule C, .m2 ilikuwa imefufuka, inanenepa.

Nikampigia dogo mmoja wa kazini, nikamweleza yaliyonikuta.

“Shikamoo kaka. Huo mstari una alama ya <!-- juu yake?”

“Marahaba. Ipo.”

“Na --> chini yake?”

“Ipo.”

Akanyamaza kidogo, ule unyamavu wa mtu anayeziba mdomo asicheke. “Umeandika ndani ya komenti, kaka. Humo Maven hasomi. Ule ni mfano tu.”

Kumbe nilikuwa nimekwenda ofisi ya serikali ya mtaa, nikaijaza vizuri ile fomu ya mfano iliyobandikwa ukutani, kisha nikarudi nyumbani kusubiri barua.

Nikautoa mstari ule, nikauweka chini ya ile alama ya kufunga. Safari hii sikufuta kitu: yale machache yaliyokwisha shuka C niliyakata na kuyabandika D, kopo kwa kopo. Nikaamuru tena. Maven akaenda D bila ubishi, mistari ikateremka, halafu ikasimama. Bando limekata.

Mke wangu akachungulia mlangoni. “Umeshahama?”

“Nimehama,” nikamjibu. “Vyombo ndiyo viko njiani.”